Waliosalimika ndio wanaotuonyesha njia: uzi wa kujifunza jinsi kipindupindu kinavyozuka na kinavyozimwa

Bwana Afya Mstaafu (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimefanya kazi ya afya ya mazingira kwa miaka mingi, sehemu kubwa nikiwa katika kata za mabondeni jijini Dar es Salaam, na kila masika yanapokaribia huwa naona humu maneno yale yale: chemsha maji, nawa mikono kwa maji tiririka, kula chakula kikiwa cha moto. Ni maneno ya kweli, na mimi mwenyewe nimeyatangaza kwa kipaza sauti nikizunguka mitaani na gari. Hata hivyo hayamwelezi mtu kipindupindu kilitoka wapi, kwa nini kiliingia mtaa huu kikauruka ule, wala kwa nini siku moja kinakoma. Mtu asiyeyaelewa hayo hutii kwa wiki mbili, kisha huacha. Ndiyo sababu nimeleta uzi huu, nao utakuwa mrefu.

Naanza na nyumba mbili zilizokuwa uwanja mmoja. Ulikuwa wakati wa mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015, ambao hadi Aprili ya mwaka uliofuata ulikuwa umepata wagonjwa zaidi ya 24,000 nchi nzima, Bara na Visiwani, na kuua zaidi ya watu 370. Nilipangiwa mtaa mmoja niuzungukie na daftari, nikiandika jina la kila mgonjwa, umri wake, nyumba anayoishi na siku aliyoanza kuharisha. Siku ya tatu daftari lilikuwa limejaa, nikalipeleka kwa mkubwa wangu wa kazi, mama mmoja aliyekuwa kazini tangu mlipuko mkubwa wa 1997. Alifunua kurasa chache, akalifunga, akaniuliza: "Na wasioumwa umewaandika wapi?"

Sikuwa na la kumjibu. Kesho yake nilirudi kwenye uwanja ule, ambako nyumba ya mkono wa kulia ilikuwa imetoa wagonjwa wanne na ya kushoto, yenye watu saba, haikuwa imetoa hata mmoja. Walitumia choo kimoja cha shimo. Walinunua maji kwa jirani mmoja, kutoka bomba moja, kwa bei moja. Watoto wao walicheza pamoja. Kwa muda mrefu sikuona tofauti yoyote, mpaka nilipotoa kipimo cha klorini, ambacho ni kijichupa kinachoenea kiganjani: unatia maji, unadondosha kidonge, unatikisa, na maji yenye klorini yanageuka rangi ya waridi. Maji ya bombani yaligeuka. Maji yaliyokuwa ndani ya nyumba ya kushoto yaligeuka pia, ingawa kwa rangi hafifu. Maji ya nyumba ya kulia yalibaki meupe kama nilivyoyamimina.

Nyumba ya kulia waliweka maji kwenye ndoo ya mdomo mpana isiyo na mfuniko, na kikombe cha plastiki kilikuwa kikielea juu yake; kila aliyetaka kunywa aliingiza mkono mpaka kwenye kifundo. Nyumba ya kushoto, bibi mwenye nyumba aliweka maji kwenye dumu la mafuta ya kula la lita 20, na hakuna mkono unaopita kwenye mdomo wa dumu. Lazima uliinamishe umimine. Nilimuuliza kama aliwahi kufundishwa hivyo, akasema hapana, ndoo yake ilipasuka tu.

Nyumba mbili si ushahidi wa kutosha, na nisingependa mtu achukue kisa hiki kama utafiti. Lakini kilinifundisha jambo ambalo uzi huu wote umesimama juu yake: orodha ya wagonjwa inakuambia ugonjwa umefika wapi, na orodha ya waliosalimika ndiyo inayokuambia ugonjwa unapita wapi. Kuzima mlipuko ni kuijua hiyo njia na kuikata.

Bwana Afya Mstaafu

Naendelea. Yule mama hakuwa wa kwanza kuuliza swali hilo. Aliyeliuliza kwa ukamilifu mpaka likawa msingi wa elimu nzima ya magonjwa ya mlipuko ni daktari wa London aitwaye John Snow, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa dawa ya usingizi; ndiye aliyempa Malkia Victoria klorofomu alipokuwa akijifungua mwaka 1853.

Usiku wa tarehe 31 Agosti 1854 kipindupindu kililipuka katika eneo la Soho, kuzunguka mtaa wa Broad Street, na ndani ya siku kumi watu zaidi ya 500 walikuwa wamekufa. Hesabu ya mwisho ilifika 616. Wakati huo waganga wengi waliamini kwamba ugonjwa huletwa na hewa chafu inayotoka kwenye uozo. Snow alishuku maji. Alichukua anwani za waliokufa akaona zinaizunguka pampu moja ya mtaani, na wengi wanaosimulia kisa hiki huishia hapo, kwenye ramani. Mimi naona ramani ile ndiyo sehemu nyepesi ya kazi yake, kwa sababu aliyeamini hewa chafu angeweza kuitazama ramani hiyo hiyo akasema kwamba hewa ya pale ndiyo iliyokuwa mbaya.

Kilichoivunja hoja ya hewa ni waliosalimika. Karibu na pampu palikuwa na nyumba ya kutunzia maskini yenye watu 535, imezungukwa na nyumba zilizojaa misiba kila upande, na wenyewe walipoteza watu watano tu. Walikuwa na kisima chao. Kwenye mtaa wenyewe wa Broad Street palikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70, wala hakufa hata mmoja kwa kipindupindu. Mwenye kiwanda alimweleza Snow kwamba wafanyakazi walipewa bia kama sehemu ya posho yao, na aliamini hawakuwa wakinywa maji ya pampu kabisa. Watu hao wote walivuta hewa ile ile.

Kisha kuna upande wa pili wa swali, yaani aliyekufa mahali ambapo hakupaswa kufa. Mjane mmoja alikuwa amehamia Hampstead, mbali na Soho, ambako kipindupindu hakikuwapo, naye akafa. Ilibainika kwamba aliwahi kuishi Broad Street, aliyapenda maji ya pampu ile, na kila siku aliletewa chupa moja kwa mkokoteni. Mpwa wake aliyekuja kumtembelea kutoka Islington aliyanywa, akarudi kwao, akafa huko. Mtu mmoja aliye mbali na mtaa lakini karibu na maji ana thamani kubwa kwa mchunguzi kuliko wagonjwa mia walio karibu na vyote viwili.

Tarehe 8 Septemba mkono wa pampu uling'olewa. Naomba tuseme ukweli wote: mlipuko ulikuwa umeshaanza kupungua kabla ya hapo, kwa kuwa wakazi wengi walikuwa wamekimbia, na Snow mwenyewe alilikiri hilo. Aliyekamilisha kisa ni kasisi wa parokia ile, Henry Whitehead, ambaye mwanzoni alikuwa akimpinga Snow na aliingia uchunguzini akikusudia kumkosoa. Aliwajua wakazi kwa majina, akaingia nyumba kwa nyumba, na mwishowe akakuta kwamba katika nyumba namba 40, mita chache kutoka pampuni, mtoto mchanga alikuwa ameharisha siku chache kabla ya wengine kuanza. Mama yake alifua nepi na kuyamwaga maji kwenye shimo la maji machafu mbele ya nyumba. Shimo lilipofukuliwa, matofali yake yalikuwa yameoza, na kati ya shimo na kisima cha pampu palikuwa na umbali usiofika mita moja.

Ninyi mnaoishi kwenye viwanja vya futi chache, choo nyuma na kisima mbele, someni sentensi hiyo mara mbili.

Jambo moja zaidi kabla sijasubiri maswali. Snow hakukijua kimelea, yaani bakteria, kinacholeta ugonjwa huu. Filippo Pacini wa Florence alikuwa amekiona kwa hadubini mwaka huo huo wa 1854, lakini hakuna aliyemsikiliza, na Robert Koch alikitambulisha kwa ulimwengu miaka 30 baadaye, alipokifuatilia Misri na kisha Kolkata mwaka 1883 na 1884. Njia ya ugonjwa ilijulikana na kuweza kukatwa kabla mwenye kupita humo hajafahamika.

Mwalimu wa Pwani

Shikamoo Bwana Afya. Nashukuru kwa somo. Mimi ni mwalimu katika mji mdogo wa pwani, na nina jambo linalonisumbua. Wiki iliyopita palikuwa na harusi mtaani kwetu. Baada ya siku mbili watu 11 waliharisha na kutapika, na wawili kati yao wamelazwa. Zahanati inasubiri majibu ya maabara. Kila mtu analaumu pilau. Lakini nimesoma maneno yako nikakumbuka kwamba wagonjwa wote isipokuwa mmoja ni wanawake, ilhali pilau lilipikwa sufuria moja na kupelekwa pande zote mbili. Nianzie wapi?

Bwana Afya Mstaafu

Marahaba, mwalimu. Umeshaanza, na umeanza pazuri. Kwanza wagonjwa: chumvichumvi (ORS, maji ya kunywa yenye chumvi na sukari) bila kungoja majibu ya maabara, na yeyote mwenye kuharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele apelekwe kituoni saa hiyo hiyo. Pili, uwaulize waalikwa wote, wagonjwa na wazima, maswali yale yale kwa maneno yale yale: ulikula nini, ulikunywa nini, ulikaa upande gani. Usimtajie mtu pilau, maana ukilitaja atalikumbuka hata kama hakula. Na huyo mwanamume mmoja aliyeugua umuulize kwa makini kuliko wote, kwa kuwa yeye ndiye mjane wako wa Hampstead. Rudi utuambie.

Kijana wa Mabondeni

Mkuu, nina maswali mawili. La kwanza, kama kimelea kimeingia mtaani na kila mtu anakunywa maji hayo hayo, mbona hatuugui wote? La pili, kwetu mvua zikinyesha watu hutapisha vyoo, yaani wanatoboa shimo la choo usiku ili maji ya mvua yabebe uchafu. Je, hicho ndicho chanzo?

Bwana Afya Mstaafu

Maswali yote mawili yananipeleka kwenye hesabu, na nitajitahidi isichoshe.

Kimelea cha kipindupindu hakivumilii asidi ya tumbo. Kwa mtu mzima mwenye afya huhitajika mamilioni mengi ya vimelea kwa mkupuo mmoja ili wachache wapenye na kufika kwenye utumbo mwembamba, na ndiyo maana aliyekunywa kidogo, au aliyekunywa maji yenye vimelea vichache, huenda asione chochote. Wengi wanaoambukizwa hawaugui kabisa au huharisha kidogo tu, lakini kwa siku kadhaa kinyesi chao hubeba vimelea. Hao ndio wanaotuhangaisha, kwa sababu hawaji kwenye kambi ya matibabu wala hawaandikwi popote. Kwa wale wanaougua, dalili huanza kati ya saa chache na siku tano. Sumu ya kimelea huziamuru seli za utumbo zimwage chumvi na maji bila kukoma. Mgonjwa wa hali mbaya anaweza kupoteza lita moja kwa saa. Sumu hiyo haiumizi utumbo wala haiingii kwenye damu. Mtu hufa kwa kukaukiwa, akiwa na akili zake karibu mpaka mwisho, na hilo nimeliona kwa macho yangu.

Sasa hesabu. Chukulia kwamba katika mtaa wako kila aliyeambukizwa huwaambukiza wengine wawili. Mmoja anazaa wawili, wawili wanazaa wanne, na kizazi cha kumi peke yake kina watu 1,024. Chukulia mtaa mwingine ambako, kwa wastani, kila watu kumi huwaambukiza tisa. Hapo mia wanazaa 90, na 90 wanazaa 81, na mlipuko unajifia wenyewe ingawa maambukizi yangalipo. Tofauti kati ya janga na moshi unaofifia ni kama namba hiyo iko juu ya moja au chini yake. Si lazima ifike sifuri.

Hapa ndipo watu wanapokata tamaa bure. Tuseme klorini kwenye madumu inapunguza maambukizi kwa asilimia 30 tu, kwa kuwa si wote wataitumia. Kunawa mikono kunapunguza asilimia 30 ya yaliyobaki, na vyoo kuacha kutapishwa kunapunguza asilimia 20 ya yaliyobaki tena. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachovutia kwenye hotuba. Lakini mbili mara 0.7 ni 1.4, mara 0.7 tena ni 0.98, mara 0.8 ni 0.78. Namba imeshuka chini ya moja, na kila hatua ilikuwa na kasoro. Nimeona wakubwa wakikataa klorini kwa hoja kwamba "haitamaliza tatizo". Hatuitafutii imalize, tunaitafutia ishushe.

Kuhusu kutapisha: si chanzo cha kimelea, kwa kuwa choo kisicho na kinyesi cha mwenye maambukizi hakiwezi kutoa kipindupindu. Lakini akishapatikana mmoja tu, mwenye kutapisha amekitoa kinyesi chake nyumbani kwake na kukigawa kwa mtaa mzima unaoshuka bondeni, penye visima vifupi na mabomba yaliyotoboka. Bomba lenye tundu likikosa presha hunyonya maji ya nje. Mimi nimewatoza watu faini kwa kosa hilo na sijutii, ila nasema pia kwamba mtu asiye na fedha ya gari la kunyonya, na ambaye gari lenyewe haliwezi kuingia kwenye uchochoro wake, hawezi kuponywa kwa faini peke yake.

Mto Ruzizi

Ndugu mkubwa, nakuandikia kutoka Uvira, Kongo. Kwetu kipindupindu hakizuki. Kinaishi nasi mwaka mzima, kinapanda na kushuka. Watu wanasema kiko ndani ya Ziwa Tanganyika, na kwa hiyo hakuna la kufanya. Ni kweli?

Bwana Afya Mstaafu

Asante sana ndugu yangu wa Uvira, maana swali lako ndilo la mwanzo wa milipuko yote.

Ni kweli kwamba kimelea hiki huweza kuishi majini bila binadamu, hasa kwenye maji ya pwani yaliyochanganyika chumvi kidogo, kikijibandika kwenye vidudu vidogo sana vinavyoelea. Huko Bangladesh watafiti waliwafundisha akina mama kuchuja maji kwa kitambaa cha sari kuukuu kilichokunjwa mara kadhaa, na kipindupindu kikapungua kwa karibu nusu, kwa sababu kitambaa kiliwazuia wale vidudu pamoja na mizigo yao. Lakini kuwapo kwa kimelea majini hakutoshi kuwa mlipuko. Vinasaba vya vimelea vilivyokusanywa Afrika kwa miongo kadhaa vimeonyesha kwamba aina inayotuua sasa, ambayo safari yake ilianza Indonesia mwaka 1961 na kufika bara letu mwaka 1970, imeingizwa Afrika kutoka Asia angalau mara 11. Haikuchipuka kwenye maziwa yetu. Ililetwa na watu.

Wazee wetu wa pwani waliliona hilo kabla ya vinasaba. Kipindupindu cha mwaka 1869 kilichoingia Unguja kilifuatiliwa na daktari Mskoti James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar wakati wa masultani. Aliwahoji wafanyabiashara na watu wa misafara, na kwa masimulizi yao akaichora njia ya ugonjwa kutoka pande za Uarabuni na Uhabeshi, ukishuka kupitia nchi ya Wamasai mpaka Pangani, kisha ukivuka bahari. Alichapisha kazi hiyo London mwaka 1876. Ugonjwa ulikwenda kwa mwendo wa misafara, ukitua pale misafara ilipotua.

Haiti ni mfano wa karibu zaidi na wa kuumiza zaidi. Nchi ile haikuwa na kipindupindu kwa karne nzima, mpaka Oktoba 2010, miezi tisa baada ya tetemeko la ardhi. Kilianzia kwenye kijito kilichokuwa kikipokea uchafu wa kambi ya askari wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa karibu na Mirebalais, na kimelea chenyewe kililingana na cha Nepal, walikotoka askari hao. Waliougua walizidi 800,000 na waliokufa walikaribia 10,000. Umoja wa Mataifa ulichelewa miaka sita kabla ya Katibu Mkuu Ban Ki-moon kuomba radhi Desemba 2016. Kijito kile kilitiririka kwenda mto Artibonite, ambao wakulima wa mpunga walikuwa wakiunywa.

Nanyi wa mwambao wa Tanganyika mnakumbuka Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojaa kwa makumi ya maelfu kwenye kijiji kidogo cha Kagunga, Kigoma, kati ya mlima na ziwa. Hapakuwa na vyoo, na maji ya kunywa yalikuwa yale yale ya ziwani. Kipindupindu kiliwakuta pale wakisubiri meli, na MV Liemba ndiyo iliyowabeba kuwatoa. Ziwa lilikuwapo miaka yote. Kilichobadilika ni idadi ya watu, vyoo na kinywaji.

Kwa hiyo jibu langu kwako ni hili. Uvira kwenyewe watafiti waliweka pamoja kumbukumbu za mitambo ya maji na kumbukumbu za wagonjwa waliolazwa kwa miaka kadhaa. Walikuta kwamba bomba likikatika, katika siku 12 zinazofuata wanaolazwa huongezeka zaidi ya maradufu kuliko siku ambazo maji yanatoka vizuri. Bomba likikatika watu hurudi ziwani na mtoni. La kufanya lipo, ndugu yangu, na liko kwenye pampu na umeme wa kuiendesha.

Mto Ruzizi

Nimekuelewa. Mama yangu aliponea kambini mwaka wa juzi. Alilazwa kwenye kitanda chenye tundu katikati na ndoo chini yake, na muuguzi alikuwa akija kuitazama ndoo kila mara. Sikuelewa kwa nini waliijali ndoo kuliko dawa.

Bwana Afya Mstaafu

Ndoo ndiyo iliyokuwa ikiwaambia dawa kiasi gani. Wanapima kilichotoka ili warudishe kiasi hicho hicho. Kwa mgonjwa aliyekaukiwa sana hutangulia dripu, kwa kasi: mtu mzima wa kilo 60 hupewa karibu lita sita ndani ya saa tatu. Anayeweza kunywa hunywa chumvichumvi. Bila tiba, kipindupindu kikali huweza kuua hata nusu ya wagonjwa. Kwa tiba hiyo isiyo na maajabu yoyote, vifo hushuka chini ya mmoja kwa mia.

Chumvichumvi ilithibitishwa kwenye matope. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, dripu zikamwishia. Ilijulikana tayari maabara kwamba sukari hufungua mlango mwingine kwenye utumbo, ambao sumu ya kimelea haijauziba, na chumvi na maji hupita humo pamoja nayo. Akapima glukosi, chumvi na soda ya kuokea, akachanganya kwenye mapipa, akawaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Vifo kambini vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Ukikosa pakiti, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye lita moja ya maji safi, vijiko vya kusawazisha, wala usizidishe chumvi.

Tiba, lakini, huokoa mgonjwa tu. Njia hubaki wazi. Chanjo ya kunywa husaidia kuibana. Zanzibar mwaka 2009 watu zaidi ya 20,000 wa shehia zilizokuwa zikiathirika sana, Unguja na Pemba, walipewa dozi mbili, na ilipofuatiliwa ilikuwa imewakinga kwa kiasi cha asilimia 79. Kilichonifurahisha mimi ni wale ambao hawakunywa: walioishi katikati ya majirani waliochanjwa wengi waliugua kidogo kuliko walioishi kati ya waliochanjwa wachache. Hao ni waliosalimika wa aina nyingine, waliolindwa na matumbo ya jirani zao. Tatizo ni kwamba mwaka 2022 dozi za akiba ya dunia zilikuwa hazitoshi, na Oktoba mwaka huo iliamuliwa nchi zenye mlipuko zipewe dozi moja kwa mtu badala ya mbili.

Mwalimu wa Pwani

Bwana Afya, nimerudi. Majibu ya maabara yametoka: ni kipindupindu. Wagonjwa wote wako salama. Nimewahoji waalikwa 64, wazima kwa wagonjwa. Pilau lililiwa na karibu wote, pande zote mbili, likiwa la moto. Upande wa wanaume waliletewa soda za chupa na kahawa. Upande wa wanawake, kwa kuwa soda hazikutosha, walitengenezewa juisi ya ukwaju, na kati ya wagonjwa 11 wote 11 waliinywa. Huyo mwanamume mmoja ni kijana aliyekuwa akibeba majagi. Amekiri kwamba aliinywa jikoni. Lakini nimekwama, kwa sababu ukwaju ulichemshwa. Nimemhoji aliyeupika mara mbili, na wasaidizi wake wanasema hivyo hivyo.

Bwana Afya Mstaafu

Mwalimu, kazi hii ningeipokea kwa furaha kutoka kwa afisa yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Ukwaju ulichemshwa, nakubali. Je, ilinywewa ya moto?

Mwalimu wa Pwani

Hapana. Ilitiwa barafu. Nimetoka sasa hivi kwa jirani aliyeuza mabonge ya barafu. Anasema kwa kawaida hugandisha maji ya bomba, ila wiki ile bomba lilikatika siku nne akachota kisimani. Kisima kiko nyuma ya nyumba yake. Nimehesabu hatua kutoka hapo hadi choo cha jirani: tisa. Friza lake bado limejaa.

Bwana Afya Mstaafu

Barafu haikiui kimelea hiki. Asiuze hata bonge moja, wala asilimwage uwanjani. Liyeyukie kwenye ndoo yenye klorini kisha limwagwe chooni. Mpigie bwana afya wa kata yako sasa, umsomee daftari lako lote kuanzia wazima, aje na kipimo cha klorini na vidonge. Kisha umuulize jirani aliwauzia barafu akina nani wengine wiki ile.

Mwalimu wa Pwani

Bwana afya wa kata yuko njiani. Jirani amenitajia shule mbili na mama lishe wa stendi. Naanza na shule.